Kitufe cha "Hifadhi" kimezama baada ya kupanda targetSdk 35, na programu inaomba ruhusa tisa. Naanzia wapi?

MsimboMoro
Wakuu salaam. Nipo Morogoro, naandika programu za Android kwa wateja wadogo wadogo. Mwaka juzi nilirithi daftari la mauzo kutoka kwa jamaa aliyeacha kazi. Mwenye duka anaandika alichouza, anapiga picha risiti, na programu inasoma SMS za malipo ya simu na kujaza mapato yenyewe. Ilikuwa inatembea, nami sikuigusa.

Sasa nimelazimika kupandisha targetSdk (namba inayosema programu imeandaliwa kwa toleo gani la Android) kutoka 32 hadi 35, yaani Android 15, ili sasisho lipokelewe Google Play. Balaa! Kwenye simu zenye Android 15, kitufe cha "Hifadhi" kimezama nyuma ya vitufe vya chini vya simu. Kuchagua picha ya risiti kwenye galari, programu inadai haina ruhusa, na ukibonyeza "Ruhusu" hakuna kinachotokea. Kwa baadhi ya wateja, wakigusa alama ya kamera programu inajifunga. Kwenye simu mpya arifa za madeni hazitokei kabisa.

Nikasema nipeleke hivyo hivyo nirekebishe taratibu. Google Play wameikataa, sababu READ_SMS, yaani ruhusa ya kusoma SMS. Kucheki, tunaomba ruhusa tisa: kusoma SMS, kupokea SMS, majina yaliyohifadhiwa kwenye simu, kumbukumbu za simu zilizopigwa na kupokelewa, mahali, kamera, maikrofoni, kusoma hifadhi na kuandika hifadhi. Maikrofoni ya nini kwenye daftari la duka, sijui. Mteja naye anasema SMS ndiyo roho ya programu, nisiiguse.

DadaLogcat
Pole. Tuanze na kamera. Weka hapa mistari ya kosa.

MsimboMoro
SecurityException, kosa la kukosa ruhusa. Inataja ACTION_IMAGE_CAPTURE (ombi la kupigiwa picha) na ruhusa ya CAMERA iliyokataliwa.

DadaLogcat
Nilihisi. Hebu soma taratibu, maana hili huwachanganya wengi. Wewe hupigi picha mwenyewe, unaiomba programu ya kamera ya simu ikupigie. Kazi hiyo haihitaji ruhusa yoyote. Ila ukishaandika CAMERA kwenye manifesti (faili linaloorodhesha ruhusa za programu), mfumo unakuhesabu kama mtu anayetaka kamera yake mwenyewe. Mtumiaji akikataa, hata ile njia ya kuomba msaada inafungwa. Yaani ruhusa uliyoomba bila haja ndiyo inayokuangusha. Futa mstari huo na kosa litaondoka.

Na usilisingizie sasisho. Kosa hili lilikuwepo siku zote, ni kwamba wateja wako wa zamani walikubali kila kitu siku ya kwanza. Tena kuanzia Android 11, programu isiyofunguliwa kwa miezi kadhaa hunyang'anywa ruhusa zake, kwa hiyo hata waliokubali wanaweza kukutana nalo.

Galari nayo ni hadithi ileile. Ukilenga 33 kwenda juu, kwenye simu za Android 13 na kuendelea READ_EXTERNAL_STORAGE (ile ruhusa ya kusoma hifadhi) haikupi picha tena, ndiyo maana "Ruhusu" yako imekufa. Usikimbilie READ_MEDIA_IMAGES, ruhusa ya kusoma picha zote. Tumia PickVisualMedia, kichagua picha cha Android chenyewe: mtumiaji anachagua picha moja, unapewa hiyo hiyo, ruhusa sifuri.

NgalawaDev
Kitufe: ukilenga 35, Android 15 inatandaza skrini yako hadi kingo zote, juu na chini. Chukua vipimo vya systemBars (mistari ya juu na chini ya simu) kupitia setOnApplyWindowInsetsListener, uviweke kama padding, yaani nafasi tupu pembeni. Kuna watu watakwambia weka windowOptOutEdgeToEdgeEnforcement, ya kuzima huko kutandaza, ulale. Inafanya kazi, lakini ukilenga 36 kwenye Android 16 haisikilizwi tena. Utakuwa umejikopesha kazi.

Arifa: tangu Android 13 lazima uombe POST_NOTIFICATIONS, ruhusa ya kutuma arifa. Iombe mtu anapoandika deni la kwanza, usiombe anapofungua programu hata hajaijua.

KasukuWaManifesti
Kuhusu maikrofoni na mahali, nina shilingi mia hukuviandika wewe wala jamaa yako. Fungua manifesti yako kwenye Android Studio, halafu kichupo cha Merged Manifest. Pale utaona kila ruhusa imeletwa na nani. Maktaba (vipande vya msimbo wa watu wengine) za matangazo na za mazungumzo huingia na mizigo yao. Usiyoitaka iandike na tools:node="remove", kisha ujaribu programu nzima upya, maana kuna maktaba hulalamika.

MamaDuka_Buguruni
Mimi si mtaalamu, nimepita tu. Nina duka. Programu ikiniomba majina ya kwenye simu naifuta saa hiyo hiyo. Shoga yangu alikopa kwenye simu, akachelewa siku mbili, wakampigia mpaka mchungaji wake. Wewe ukiniambia ni daftari, nitajuaje?

DadaLogcat
Mama kamaliza. Ndiyo maana tangu Mei 31, 2023 Google Play hairuhusu programu za mikopo binafsi kugusa majina wala picha za mtu. Mkuu, majina unayatumia wapi?

MsimboMoro
Kujaza namba ya mdaiwa. Mmoja mmoja.

DadaLogcat
Basi tumia ACTION_PICK, ombi la kuchagua kitu kimoja. Anafungua orodha yake, anachagua mdaiwa mmoja, unapata namba hiyo tu. READ_CONTACTS, ruhusa ya kusoma majina yote, nje.

TillNambaSita
Huku Kenya tulishaachana na kusoma SMS. Mwenye duka akiwa na Till au Paybill (namba za M-Pesa za kupokea malipo ya biashara), Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, inatuma taarifa ya malipo moja kwa moja kwa seva yako. Angalia kama mtandao wa mteja wako una kitu cha aina hiyo. Shida ni kwamba wenye maduka wengi hupokea kwa namba binafsi, na hapo njia hii haikusaidii.

NgalawaDev
Masharti ya SMS yalibanwa tangu Oktoba 2018, lakini programu za kufuatilia mapato na matumizi kwa SMS ni miongoni mwa zinazoweza kuombewa msamaha. Unajaza fomu ya tamko ya Google Play na kuonyesha kuwa ndiyo kazi kuu ya programu. Ukiwa umeomba pia kumbukumbu za simu na maikrofoni, nani atakuamini? Safisha kwanza. Na SMS zisomwe ndani ya simu, zisipande kwenye seva. Tanzania nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

MsimboMoro
Mrejesho. Kamera, hifadhi zote mbili, majina na kumbukumbu za simu nimefuta. Maikrofoni na mahali kweli vililetwa na maktaba moja ya mazungumzo ambayo hakuna skrini inayoitumia! Nimeing'oa yote. Kitufe kimerudi. Kwenye simu yangu na za wateja wawili, kamera haijaanguka tena.

Zimebaki mbili za SMS. Nimetengeneza matoleo mawili: moja lenye fomu ya tamko, jingine ambalo muuzaji ananakili ujumbe wa malipo na kuubandika, programu inajaza yenyewe. Nimemwonyesha mteja hili la pili. Akaniuliza, "Kwa hiyo siku ya mnada nibandike ujumbe mmoja mmoja?" Nikamwambia ndiyo. Amesema atanipigia.