Mfalme alikuwa na haki ya kulivunja Bunge siku yoyote. Ilikuwaje Bunge la Uingereza likamshinda Charles wa Kwanza?

Muulizaji

Wakuu, salamu zenu. Wiki ya pili sasa nasoma habari za Uingereza ya karne ya 17 na kuna fundo limenikaa kooni. Charles wa Kwanza alirithi ufalme mwaka 1625. Kufikia Machi 1629 alikuwa ameshavunja Mabunge matatu, kisha akatawala miaka 11 bila kuitisha lingine. Hakuna aliyemzuia, maana kwa sheria yao yeye ndiye aliyeita, yeye ndiye aliyeahirisha, yeye ndiye aliyevunja. Wabunge hawakuwa na askari wala mahakama yao. Wakiambiwa kikao kimekwisha, wanafunga virago wanarudi mashambani kwao.

Halafu mtu huyo huyo, tarehe 30 Januari 1649, anakatwa kichwa mbele ya jumba lake pale Whitehall. Vitabu nilivyoshika vinakimbilia habari za vita, na za Cromwell, jemadari wa upande wa Bunge. Mimi nauliza ya kabla ya vita: ni siku gani hasa ile haki ya kuvunja Bunge ilimtoka mkononi? Binti yangu aliniuliza hivyo hivyo juzi, nikakosa la kumjibu.

Mwalimu wa historia

Mkuu, siku unayoitafuta ipo: 10 Mei 1641. Nimefundisha kipindi hiki miaka mingi na bado nikifika hapo natulia, kwa sababu kilichomfunga mfalme siku ile ni deni.

Anza na fedha zake. Kwa zaidi ya miaka 100 kila mfalme mpya alikuwa akipewa ushuru wa forodha kwa maisha yake yote. Mwaka 1625 Baraza la Makabwela, yaani upande wa Bunge wenye wabunge wa kuchaguliwa, likasema Charles atapewa wa mwaka mmoja tu. Akaukusanya kwa nguvu hivyo hivyo. Baadaye akageukia kodi ya meli. Kodi hii ilikuwa ya zamani, ikitozwa miji ya pwani wakati wa hatari, ili meli za kivita zipatikane. Mwaka 1634 akaitoza pwani wakati hakuna vita, na mwaka 1635 akaipeleka hadi bara, kwa watu wasiosikia hata harufu ya bahari. John Hampden, bwana mwenye mashamba huko Buckinghamshire, alikataa kulipa shilingi 20. Hazikuwa za kumfilisi. Alitaka mahakama itamke kama mfalme anaweza kuwatoza watu bila Bunge. Majaji walikuwa 12. Saba wakampa mfalme ushindi, watano wakampinga. Wanafunzi wangu huwa wanasema Hampden alishindwa. Nawaambia hesabuni tena: majaji watano, walioteuliwa kwa jina la mfalme, wamesema hadharani kwamba mfalme amekosea.

Kodi ile katika mwaka mzuri ilileta takriban pauni 200,000. Ilitosha kwa mfalme asiye na vita, na kama Charles angekaa kimya huenda angefia kitandani bila kuliona Bunge tena. Lakini mwaka 1637 aliwalazimisha Waskoti, raia wa ufalme wake wa pili kule kaskazini, kutumia kitabu kipya cha sala. Wakaasi. Akaita Bunge Aprili 1640 kuomba fedha za vita, likataka kwanza kusikilizwa malalamiko yake, akalivunja baada ya wiki tatu. Agosti Waskoti wakavuka mpaka, wakalishinda jeshi lake Newburn na kuingia Newcastle, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Katika mapatano ya Ripon wakakubali kusimama pale walipo kwa sharti moja: walipwe pauni 850 kila siku hadi amani ipatikane.

Piga hesabu. Kwa mwezi wa siku 30 ni pauni 25,500. Kwa mwaka inapita 310,000. Na jeshi lake mwenyewe kule kaskazini nalo linadai mishahara. Akaita Bunge jingine Novemba 1640, na safari hii kulivunja kungekuwa sawa na kuwafungulia Waskoti njia ya London.

Sasa Bunge lenyewe halikuwa na fedha taslimu. Lilikopa kwa matajiri wa jiji la London wakati kodi zinasubiriwa. Na wale matajiri wakauliza swali lako, mkuu: je, mfalme akilivunja Bunge kesho, deni letu atalipa nani? Ndipo ikatungwa sheria kwamba Bunge hili halitavunjwa isipokuwa kwa ridhaa yake lenyewe. Charles aliikubali tarehe 10 Mei, siku ile ile aliyokubali Earl wa Strafford, mtumishi wake mkubwa, auawe. Watu walikuwa wamefurika nje ya Whitehall wakidai kichwa cha Strafford, na nadhani hofu ile ilimfanya asiutazame vizuri mswada wa pili. Strafford aliuawa siku mbili baadaye. Ule mswada wa pili ndio uliokuja kumgharimu yeye.

Msomaji mwingine

Mwalimu, shikamoo. Umetufungua macho kuhusu fedha, lakini naona umeipa sifa kupita kiasi. Watu wangapi wamedaiwa na bado wakatawala? Kuna ujasiri wa watu pia. Na muulizaji anaposema wabunge walifunga virago wakaondoka, si mara zote.

Tarehe 2 Machi 1629 Spika John Finch alisimama kutangaza amri ya mfalme ya kuahirisha. Wabunge Denzil Holles na Benjamin Valentine wakamrudisha kitini na kumshikilia. Holles akaapa kwamba Spika atakaa hadi wao watakapopenda kuinuka. Finch alilia. Mlango umefungwa, mjumbe wa mfalme anagonga nje, na ndani Holles anasoma kwa kichwa maazimio: yeyote atakayelipa ushuru usioidhinishwa na Bunge ni msaliti wa uhuru wa nchi. John Eliot, mbunge aliyeyaandika, alifungwa Mnara wa London akafia humo 1632. Familia ikaomba mwili ikazike kwao, mfalme akakataa.

Finch yeye alipandishwa cheo. Akawa jaji, na katika kesi ile ya Hampden alikuwa miongoni mwa wale saba.

Sasa linganisha na 4 Januari 1642. Charles anaingia mwenyewe katika Baraza la Makabwela, askari wake wakiwa mlangoni, kuwakamata wabunge watano: Pym, Hampden, Haselrig, Strode, na Holles yule yule. Walishatoroka kwa mashua. Mfalme anamwuliza Spika William Lenthall wako wapi. Lenthall anapiga magoti na kujibu kwamba hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema mahali pale ila kama Baraza litakavyomwelekeza. Kati ya Spika wa 1629 na huyu ni miaka 13 tu. Siku sita baadaye Charles aliondoka London, akarudi akiwa mfungwa wa kushtakiwa. Deni halimfundishi Spika kujibu hivyo.

Mwalimu wa historia

Marahaba, ndugu yangu. Hapo kwa Lenthall sibishani nawe, na habari ya Finch kuwa jaji nilipaswa kuitaja mwenyewe. Ila tazama Ufaransa. Watu majasiri walikuwepo. Lakini mfalme wa kule alikuwa na kodi yake ya taille tangu karne ya 15, akiikusanya bila kuomba idhini ya baraza la nchi nzima. Baraza lile likakutana 1614, kisha halikuitwa tena hadi 1789, na siku lilipoitwa hatimaye sababu ilikuwa hazina kukauka.

Muulizaji

Nawashukuru nyote, 10 Mei nimeiandika. Limebaki moja. Cromwell naye Aprili 1653 aliingia na askari akawafukuza wabunge waliobaki, na mwaka 1660 wakamrudisha mtoto wa Charles kwenye kiti. Sasa damu yote ile ilileta nini, kama mwenye upanga bado anavunja Bunge atakavyo?

Mwalimu wa historia

Swali hili linauma, na miaka ya kwanza baada ya 1660 jibu lake lilikuwa baya. Walirudia kosa: wakampa Charles wa Pili ushuru wa forodha kwa maisha yake yote, na mwaka 1685 wakampa mdogo wake, James wa Pili, vivyo hivyo. Biashara ilikuwa imekua, hazina yake ikajaa. Novemba mwaka ule ule akaliahirisha Bunge, halikukutana tena katika utawala wake, huku jeshi lake likizidi kukua.

James alipokimbia 1688, William wa Orange, mkwe wake kutoka Uholanzi, akiwa ameshashuka na jeshi Torbay, pwani ya kusini, wabunge hawakutaka kurudia tena. Hati ya Haki ya 1689 ilikataza kutoza fedha bila Bunge na kuweka jeshi wakati wa amani bila idhini yake. Wakaongeza sheria ya nidhamu ya jeshi, wakaipa muda mfupi ili ikiisha mfalme alazimike kurudi kuiomba. Kisha 1690 wakafanya lile la 1625, safari hii likashika: William, mtu waliyemwita wenyewe kuja kuwaokoa, walimpa ushuru wa forodha wa miaka minne tu. Hakupendezwa hata kidogo. Alikuwa vitani na Ufaransa, anahitaji fedha kila msimu, na kila msimu ikabidi aliite Bunge. Tangu 1689 limekutana kila mwaka.