Usukani wa lori unatetemeka kuanzia 80, balansi nimeshafanya mara mbili

Tani_Nne:
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Naendesha lori la tani nne, matairi 7.50R16, ekseli ya mbele ile ya chuma kimoja. Hadi 75 usukani umetulia kabisa, naushika kwa vidole viwili. Nikigusa 80 unaanza kucheza, na kati ya 87 na 93 ndipo kasheshe: mikono inakufa ganzi, funguo kwenye swichi zinalia kama manyanga. Ajabu ni kwamba nikilikaza mpaka 100 linatulia. Si kwamba limepona, ila linatulia. Nikiwa na mzigo kuna nafuu, nikirudi mtupu ndiyo balaa lenyewe. Nikikanyaga breki hakiongezeki kitu wala hakipungui.

Mpaka sasa nimepiga balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu) mara mbili kwa mafundi tofauti, nimefanya alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu), nimebadilisha endi zote mbili za tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele. Fundi wa mwisho kaniambia boksi la stelingi limechoka, nitafute jingine. Moyo unakataa. Mlioshauona ugonjwa huu nisaidieni kabla sijafungua pochi.

Kanyaga_Twende:
Dawa unayo mwenyewe mkuu, tembea 100 muda wote hahaha. Utani huo, usije ukanisingizia. Angalia shokapu za mbele, lori tupu likiwa na shokapu zilizokufa linarukaruka sana.

Bi_Usukani:
Boksi la stelingi liondoe kwenye hesabu. Boksi lililochoka linakupa usukani unaopwaya kwenye mwendo wowote, halikai likasubiri 87. Kinachochagua mwendo ni kitu kinachozunguka. Na alaimenti mbaya inavuta lori upande na kula tairi, mara chache sana ukaisikia ikitetemesha.

Kama rimu zako zinaingiliana, hamisha magurudumu ya mbele yapeleke nyuma, ya nyuma yalete mbele, utembee tena barabara ileile. Usukani ukitulia na kiti kikaanza kutikisika, mwizi umemkamata. Ukibaki vilevile, matairi yasamehe, kaangalie habu (kitovu cha gurudumu), dramu ya breki na kingpini, ile pini ambayo gurudumu la mbele linakatia kona.

Mzee_wa_Jeki:
Bi Usukani kanimalizia maneno. Mimi nina swali moja kwa Tani Nne: mtetemo ulianza lini? Na usiniambie "ghafla tu". Kabla yake uligusa nini?

Tani_Nne:
Shikamoo mzee. Ulianza wiki ileile nilipofunga matairi mapya mawili mbele. Sikuyataja kwa sababu ni mapya kabisa, na ndiyo hayo yaliyopigwa balansi mara mbili.

Mzee_wa_Jeki:
Marahaba. Basi tuanzie hapo hapo unapopakwepa.

Tairi lako linakwenda kama mita 2.5 kwa kila mzunguko. Lori likiwa 90 linakimbia mita 25 kwa sekunde, maana yake gurudumu linazunguka mara 10 kila sekunde. Mtetemo wa mara 10 unadunda, mkono unausikia pigo kwa pigo. Ingekuwa ni propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma, hiyo kwenye lori kama lako inazunguka mara tano hivi zaidi ya gurudumu, na kazi yake ni kuvuma chini ya miguu na kwenye kiti. Wewe unalalamikia mikono. Basi tatizo liko magurudumu ya mbele.

Kwa nini 100 inatulia? Ekseli, springi na upepo wa tairi vina mdundo wao, kama mtoto kwenye pembea. Ukimsukuma kwa wakati wake anapaa. Ukimsukuma harakaharaka kuliko pembea yenyewe, hafiki popote. Gurudumu lako linaisukuma ekseli kwa wakati wake hapo kwenye 90, ukipita hapo wanaachana. Mzigo nao unabadilisha pembea, ndiyo maana mtupu ni shida zaidi.

Sasa balansi. Gramu 50 tu zilizozidi kwenye ukingo wa rimu ya inchi 16, kwa mwendo huo, zinavuta kama kilo 4, mara 10 kila sekunde. Kwa hiyo balansi ni muhimu, sibishi. Lakini mashine nyingi zinapima uzito, hazipimi uduara. Tairi linaweza kuwa na umbo la yai, fundi akabandika risasi (vile vipande vya uzito vya balansi) hadi mashine ikaandika sifuri, na barabarani yai likabaki yai: linanyanyua ekseli mara moja kila mzunguko. Tena mashine inalishika rimu kwa koni pale katikati, lori lako linalishika kwa nati. Rimu ikikaa pembeni kidogo kwenye habu, ile sifuri ya mashine imekufa.

Fanya hivi. Weka kabari nyuma, piga jeki mbele, kisha weka stendi. Usiamini jeki peke yake hata kama ni mpya.

Kwanza shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni kingpini. Kisha kushoto na kulia, hapo unasikiliza tairodi.

Halafu chukua kipande cha mbao chenye msumari, kisimamishe chini, ncha ya msumari ikaribie katikati ya kashata (meno) za tairi bila kugusa. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono, macho kwenye ule mwanya. Ukifunguka na kufunga kwa zaidi ya milimita 2, mimi huwa nanuna. Sogeza msumari kwenye ukingo wa rimu, rudia. Rimu ikitulia na tairi likipanda na kushuka, kosa ni la tairi au namna lilivyokaa kwenye rimu. Rimu nayo ikicheza, ifungue, kwangua kutu na rangi pale inapolalia habu, rudisha ukikaza nati kwa kuvukisha, yaani moja kisha ya upande wa pili, kidogokidogo, gurudumu likiwa hewani, ndipo umalizie chini. Atakayekaza nati moja mpaka mwisho kabla ya nyingine amelipindisha mwenyewe.

Na kabla ya yote ingiza mkono nyuma ya rimu. Mimi niliwahi kubomoa ekseli nzima ya mtu, kingpini mpya, beringi mpya, nikakabidhi lori huku nafuta mikono kwa mbwembwe. Jioni karudi, usukani vilevile. Lilikuwa tope limekauka ndani ya rimu, kule usikokuona. Nilitoa bonge kwa bisibisi. Sikulala vizuri.

Kanyaga_Twende:
Mzee, na malipo ulirudisha?

Mzee_wa_Jeki:
Hilo halikuulizwa.

Tani_Nne:
Nimerudi, wakuu. Tope hakuna. Tairi la kushoto mwanya haubadiliki hata milimita 1. La kulia linapanda na kushuka milimita 5! Nimerudia mara tatu nikidhani msumari umesogea. Rimu yake imetulia tuli.

Nimeona na kitu kingine. Kuna kile kimstari kinachozunguka tairi karibu na rimu. Kwenye tairi la kushoto kimejitokeza sawasawa pande zote. Kwenye la kulia kimejitokeza vizuri, ila sehemu moja ya urefu wa shubiri mbili hivi kimezama ndani ya rimu, hakionekani. Mzee, nafikiri kulipiga nyundo hapo likae. Nipunguze upepo kidogo?

Mzee_wa_Jeki:
Weka nyundo chini kwanza! Rimu yako ina ringi ya pembeni? Nyingi za saizi hiyo zinayo. Ringi ile ikichomoka na upepo ndani inaua mtu, na haichagui fundi mzoefu. Toa kipini cha ndani ya valvu, upepo uishe WOTE, ndipo umguse mtu huyo.

Ulichokiona ndicho ugonjwa. Kimstari kile kimewekwa kwa ajili hiyo: kikiwa na umbali sawa toka kwenye rimu kote, tairi limekaa. Lako sehemu moja haikupanda mahali pake, kwa hiyo hapo ni fupi na kwingine ni refu. Mpe fundi wa matairi. Avue kabisa, asafishe kutu ya rimu, apake sabuni ya matairi kwenye midomo yote miwili ya tairi, arudishe na ajaze upepo likiwa ndani ya kizimba cha chuma, watu wakiwa mbali. Kikikaa sawa ndipo balansi, si kabla. Likikaa sawa na bado linaruka, alizungushe nusu mduara juu ya rimu, apime tena. Likigoma na hapo, tairi lenyewe lina kasoro, rudisha ulikonunua.

Bi_Usukani:
Na nati uzikaze upya baada ya kilomita 50 hadi 100. Gurudumu likifunguliwa lazima.

Tani_Nne:
Wakuu, lori limepona. Ndani ya rimu palikuwa na kutu imejitokeza kama magamba, pale pale mstari ulipozama. Limesafishwa, limepakwa sabuni, kimstari sasa kinaonekana mduara wote. Msumari unaonyesha milimita 1 na ushee. Balansi ya safari hii imekula risasi chache kuliko nusu ya zile za mwanzo. Jana nimetembea 90 mtupu, vidole viwili, funguo kimya. Nati nimezikaza leo asubuhi, mbili zilikubali kidogo.

Kulia kuna mchezo mdogo juu na chini ambao haupotei nikikanyagiwa breki, kwa hiyo kingpini hiyo naiwekea siku yake.

Yule fundi wa boksi kanipigia kuuliza kama nimeshalipata. Nimemwambia bado natafuta.