Acheni kuwaita watu "washauri" ili mkwepe michango ya hifadhi ya jamii. Jina la mkataba haliamui nani ni mwajiriwa

Wakuu, huu uhuni umezidi. Mtu akiuliza, "Nilisaini mkataba wa mkandarasi binafsi, je, nachangiwa?" wajuaji wanamjibu, "Ulisaini mwenyewe, pole." Jibu hilo ni sumu.

Michango ya hifadhi ya jamii si siri ya watu wawili. Kuna wa tatu, mfuko, na huyo hakusaini karatasi yenu. Kifungu cha "atajilipia michango mwenyewe" hakimfungi. Pendekezo namba 198 la Shirika la Kazi Duniani la 2006 liko wazi: kwanza hutazamwa kazi inavyofanyika na kulipwa, hata kama mkataba unasema vingine.

Basi tazameni kazi. Nani anapanga saa? Vifaa vya nani? Kazi ikiharibika, hasara anaibeba nani? Ankara namba 1 hadi 24 zote kwa mteja mmoja, kiasi kilekile, tarehe ileile: huo ni mshahara uliovalishwa koti. Halafu kuna kile kifungu kipenzi cha wanasheria wa kampuni, "anaweza kutuma mtu badala yake." Kama huyo mbadala angezuiwa getini, kifungu ni pambo tu. Leseni ya biashara nayo inaonyesha ulivyosajiliwa, haionyeshi unavyofanya kazi.

Kinachokera kuliko vyote ni "mtaalamu haamrishwi, kwa hiyo amejiajiri." Ujerumani sheria inataja dalili mbili: kufuata maelekezo, na kuingizwa katika mpangilio wa kazi wa anayeyatoa. Juni 2019 mahakama yao ya juu ya masuala ya jamii ikasema madaktari wanaolipwa ujira wa makubaliano hospitalini kwa kawaida ni waajiriwa. Hakuna anayemwelekeza daktari pa kupasua, lakini chumba, wauguzi na ratiba ni vya hospitali. Mwaka 2022 uamuzi kama huo ukamfika mwalimu wa muziki. Kinyume chake, mkurugenzi mwenye nusu ya hisa za kampuni binafsi huko si mwajiriwa, hata akipokea mshahara na likizo, kwa sababu kwa kura zake agizo asilolitaka halipiti.

Tena msichanganye sheria ya kazi na ya hifadhi ya jamii. Tafsiri ya "mwajiriwa" inaweza kutofautiana, na kushinda kesi ya kufukuzwa hakuleti michango moja kwa moja.

Ukitaka haki yako, chukua taarifa ya michango leo, si mwaka wa kustaafu. Nakili ratiba, ujumbe wa kuomba ruhusa, ankara na taarifa za benki kabla hawajakufungia barua pepe ya kazini. Kisha uombe mfuko uamuzi wa maandishi juu ya hadhi yako. Barua ieleze siku ya kazi saa kwa saa. "Nanyonywa" peke yake haithibitishi kitu.

Na nyie waajiri mnaochekelea: Ujerumani deni la michango hudumu miaka 4 baada ya mwaka lilipopaswa kulipwa kwisha, na likikwepwa makusudi, 30. Huko, sehemu ya mfanyakazi ambayo hukuikata unaweza kuikata katika malipo matatu ya mshahara yanayofuata tu. Baada ya hapo, isipokuwa kosa halikuwa lako, inatoka mfukoni mwako.

Anayebisha alete kifungu, si kelele.