Mtoto ana pumu, tunaishi chumba na sebule: ninunue mashine ya kusafisha hewa?

Umm_Rahma (Kireka)
Asalaam aleikum, na habari zenu wote. Binti yangu wa miaka saba ana pumu. Mchana hana taabu sana, ni usiku anapobanwa. Kifua kinalia kama filimbi, namkalisha kitako na kumpulizia ile inhela ya bluu. Dirisha letu limeelekea barabara ya maramu, vumbi linafika hadi kwenye mashuka. Napikia sigiri barazani, ila mvua ikija naiingiza ndani. Jioni tunawasha koili ya mbu. Mama mkwe naye tunaishi naye, na Alhamisi usiku lazima afukize ubani. Mjini nimeona mashine ya kusafisha hewa, bei yake ni kodi ya miezi kadhaa. Mume wangu yuko tayari kukopa SACCO. Itatufaa?

NesiMstaafu_Jinja
Msikope kwanza, mwanangu. Mashine yenye kichujio cha HEPA inanasa vumbi na chembe za moshi, ni kweli, lakini haiwezi kushindana na moto uliomo chumba hichohicho. Ondoeni kinachochafua kwanza.

Anza na koili, leo hii. Watafiti waliopima moshi wake mwaka 2003 walikuta koili moja ikiungua yote inatoa chembe ndogo sawa na za sigara 75 hadi 137. Na mtoto analala nayo mlango umefungwa! Mnunulie chandarua chenye dawa.

Sigiri isiingie ndani kabisa, hata makaa yakiwa mekundu na hayafuki. Hapo ndipo yanatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Mashine hiyo haiichuji.

Halafu, inhela ya bluu inafungua kifua tu. Mtoto anayebanwa usiku mara kwa mara, pumu yake haijadhibitiwa. Mrudishe kliniki uulizie inhela ya kinga, ile ya kila siku, na mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuitumia na spesa, kile chombo cha plastiki kinachounganishwa na inhela ili dawa ifike vizuri kifuani. Spesa ikikosekana, hata chupa ya plastiki ya nusu lita hutengenezwa ikafanya kazi hiyo. Akishindwa kuongea au midomo ikigeuka rangi, msingoje kuche, mpeleke hospitali.

KijanaWaBwaise
Mimi pia nina pumu. Dada, pakua programu ya AirQo, ya Chuo Kikuu cha Makerere, inaonyesha hali ya hewa mtaa kwa mtaa. Kampala hewa huwa mbaya asubuhi na usiku, magari na majiko yakiwa mengi. Mimi nafungua madirisha mchana.

Acha kufagia kavu, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji. Godoro na mito vitoe juani, mashuka ufue kwa maji ya moto. Na angalia nyuma ya kabati: kukiwa na weusi wa kuvu, mwambie mwenye nyumba azibe panapovuja. Akipaka rangi juu yake tu, kuvu itarudi.

Hajati_Bombo
Mama mkwe usimzuie kwa maneno makali, binti yangu. Sisi Wanubi tumekulia kwenye moshi wa ubani, na ukimwambia acha atasikia umemdharau. Mwombe chetezo kikae uani, nguo zake azifukizie huko mtoto akiwa shule, na ziachwe zipigwe upepo kabla ya kuingizwa ndani. Mwende naye kliniki ili ayasikie kwa daktari mwenyewe.

Umm_Rahma (Kireka)
Asanteni sana, Mungu awalipe. Koili imetoka. Pesa nafikiri iende kwenye gesi. Swali moja: jirani anawashia sigiri yake chini ya dirisha letu kila jioni.

NesiMstaafu_Jinja
Gesi ni afadhali mara nyingi kuliko makaa, ila nayo inatoa hewa inayochokoza kifua, kwa hiyo pika dirisha likiwa wazi. Mkimudu jiko la presha la umeme, hilo ni bora zaidi, na maharage yanaiva upesi.

Jirani mfuate kwa upole, umwombe awashie upande wa pili wa ua, kisha asogee makaa yakishashika. Moshi mwingi ni wa pale mwanzo. Akikataa, mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la mtaa, anaweza kuwakalisha.

KijanaWaBwaise
Usimwambie jirani kwamba anakuudhi. Mwambie kuhusu mtoto, mwite amwone.