Uwanja mpya Tanga: tujenge, au tumalizane kwanza na Mkwakwani?

Mleta mada: Wana Tanga, salaam. Kila ligi ikikaribia hoja hii inarudi: jiji lijenge uwanja wake wa mpira, tuachane na Mkwakwani, uwanja tunaoutumia sasa. Naileta tuichambue, ila Usimba na Uyanga tuuache mlangoni.

Uwanja siupingi. Ninachopinga ni fedha za jiji kuzama pasipo mtu wa kuulizwa. Angalieni Montreal, Kanada. Walijenga uwanja wa Olimpiki ya 1976, mwaka uliofuata timu ya besiboli ya Expos ikahamia humo. Deni likalipwa kwa kodi ya sigara hadi 2006. Expos wenyewe walishafungasha virago baada ya msimu wa 2004, wakaenda Washington! Mvutaji ananunua pakiti yake, analipia uwanja ambao timu imeshauhama. Na Oakland, Marekani, timu ya besiboli ya Athletics imeondoka 2024, kwa sababu jimbo la Nevada limekubali kuchangia hadi dola milioni 380 uwanja wao ujengwe Las Vegas.

Binti Chumbageni: Kaka, mfano huo hapa hauingii. Kule timu ni ya tajiri, anaihamisha kama duka. Timu yetu, Coastal Union, ni ya wanachama, ipo hapa tangu 1948. Las Vegas haiendi, hata Muheza haiendi. Halafu umeruka jambo kubwa: Mkwakwani ni mali ya chama, CCM, si ya jiji. Jiji likitia fedha pale, linakarabati nyumba ya kupanga.

Mleta mada: Hapo kwenye nyumba ya kupanga umenibana, dada.

Mama Mihogo: Wanangu, mie nauza mihogo ya kukaanga nje ya geti. Akija Simba au Yanga, ndoo mbili zinaisha kabla ya mapumziko, pilipili nakoroga mara tatu. Mechi nyingine narudi na ndoo nusu, wajukuu wanakula mihogo mpaka wanakasirika. Sasa hao wakubwa kwenye ligi wanakuja mara ngapi kwa mwaka? Kila mmoja mara moja. Huo uwanja wenu mpya mkiupeleka Pongwe, huko pembezoni mwa jiji, kwa sababu ardhi ipo, siku zilizobaki atajaza nani? Mtu wa Ngamiani leo anakwenda mpirani kwa miguu.

Mleta mada: Shikamoo mama. Hayo ndiyo mahesabu niliyokuwa natafuta. Siku mbili za neema, halafu majani yanakatwa mwaka mzima na mlinzi analipwa kila mwezi.

Binti Chumbageni: Marahaba kwa niaba yake, maana yuko jikoni. Basi mimi nasema hivi: jiji likodi Mkwakwani kwa mkataba wa miaka 30, ndipo likarabati, na mgao wa mapato ya geti uandikwe humo humo. Mwenye uwanja akikataa kusaini, hapo nitakuwa wa kwanza kwenda Pongwe kupima kiwanja. Anayeupinga mkataba huo aje na hoja, asije na jezi.