Mjadala: Ushindi wa chuo dhidi ya shule ya sekondari ubaki kwenye rekodi?

Mwanzisha mada

Wakuu, naleta hoja ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo, hasa miaka ya 1880 na 1890. Tarehe 18 Novemba 2023 Michigan iliifunga Maryland 31-24 na kuwa chuo cha kwanza kufikisha ushindi 1,000. Ndani ya hizo 1,000 umo ushindi wa Oktoba 1891 wa 61-0 dhidi ya Ann Arbor High School, sekondari ya mji uleule. Toa huo mmoja tu, na ushindi wa elfu unahamia 25 Novemba, siku Michigan ilipoifunga Ohio State, hasimu wake mkubwa, 30-24.

Michigan haiko peke yake. Harvard mwaka 1886 iliifunga Exeter, sekondari ya bweni, 158-0. Ushindi wa kwanza kabisa wa Notre Dame, Desemba 1888, ni 20-0 dhidi ya Harvard School ya Chicago, ambayo ni shule ya kuandaa vijana kuingia vyuoni na si kile chuo kikuu. Msimamo wangu ni kwamba mechi hizi zote ziondolewe kwenye hesabu ya ushindi. Rekodi ya vyuo iwe ya vyuo.

Mtunza kumbukumbu

Mkuu, unaupima mwaka 1891 kwa rula ya 2023. Wakati ule magharibi ya kati ya Marekani hakukuwa na ligi ya vyuo. Ile iliyokuja kuitwa Big Ten iliundwa 1896. Chuo kilichotaka mechi Oktoba kilicheza na yeyote aliyefikika bila nauli kubwa ya treni: klabu ya riadha, wanafunzi wa udaktari, YMCA (chama cha vijana wa Kikristo), sekondari ya mjini. Hata chama cha kusimamia michezo ya vyuo, kilichokuja kuitwa NCAA, kilianza 1906, kwa hiyo hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema mechi ipi ni rasmi.

Na usidhani kila sekondari ilikuwa chambo. Mwaka 1894 Michigan ilitoka sare 12-12 na Michigan Military Academy, shule ya kijeshi ya ngazi ya sekondari. Ni Michigan ileile iliyoifunga Cornell 12-4 Novemba mwaka huohuo. Ukifuta mechi za sekondari, utaifuta sare hiyo pia, na Michigan ya 1894 itaonekana bora kuliko ilivyokuwa. Hilo ndilo linaloniudhi kwenye pendekezo lako: linaondoa na aibu, siyo sifa za bure tu.

Mwamuzi

Kabla hamjabishana juu ya 158-0 na 61-0, someni namba zenyewe kwa kanuni za wakati huo. Katikati ya miaka ya 1880 hadi 1897 tachidauni, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, ilikuwa pointi 4, mkwaju wa baada yake 2, goli la mguu mchezo ukiendelea 5, na kukabwa na mpira nyuma ya mstari wako mwenyewe kuliwapa wapinzani 2. Sita za tachidauni zilikuja 1912.

Sasa pigeni hesabu. Tachidauni yenye mkwaju ni 6, kwa hiyo 158 ni kama tachidauni 26 zote zikiwa na mkwaju na bado zinabaki pointi 2. Mchezo kamili ulikuwa vipindi viwili vya dakika 45. Kama walicheza dakika zote 90, ni tachidauni moja karibu kila dakika tatu na nusu. Kuhusu 61, ni namba witiri, na kwenye kanuni hizo chenye thamani ya witiri ni goli la mguu peke yake. Ama Michigan walipiga goli la mguu, ama aliyeandika matokeo alikosea. Ndiyo maana mimi huomba orodha ya alama zilivyofungwa moja moja kabla ya kuamini jumla ya gazeti.

Kwa nini pengo likawa kubwa hivyo? Timu ilipewa majaribio matatu kusogeza mpira yadi 5, la sivyo inaupoteza. Pasi ya mbele haikuruhusiwa mpaka 1906. Kwa hiyo timu nzito haikuhitaji ujanja: yadi mbili kwa kila msukumo zilitosha, mara tatu ni yadi sita, unapata majaribio mengine matatu. Mpira haukutoka mikononi mwao. Timu nyepesi iliupata mara chache, ikasukumwa nyuma, ikapiga mkwaju mrefu kujiokoa, na mzunguko ukaanza tena. Ongezeni kwamba mchezaji alitoka uwanjani akiumia au akifukuzwa tu, na walewale kumi na mmoja walishambulia na kulinda. Kijana wa miaka 16 huishiwa nguvu mapema, na hapo alama humiminika.

Kocha wa mstari wa mbele

Mwamuzi amegusa ninapotaka. Mechi hizi hazikuwa mashindano, yalikuwa mazoezi ya msukumo kwa kutumia miili ya watoto. Mwaka 1888 kukaba chini ya kiuno hadi magotini kuliruhusiwa. Mkimbiaji wa pembeni akawa anaangushwa kirahisi, timu zikaacha kutawanyika, zikajibana katikati na kusukumana kwa wingi. Mwaka 1892 Harvard ikaleta kabari ya kuruka dhidi ya Yale: wachezaji wanaanza kukimbia kutoka mbali kwa makundi mawili, wanakutana mbele ya mpira, kisha wote wanamlenga mlinzi mmoja. Ilipigwa marufuku 1894, lakini misukumo mingine ya wingi iliendelea.

Mbele ya kabari, uzito haujumlishwi tu, unakutana na shingo ya mtu mmoja, tena bila kofia ngumu, kwa sababu vyuo havikulazimishwa kuivaa mpaka 1939. Mwaka 1905 gazeti la Chicago Tribune lilihesabu vifo 18 vya mchezo huu, na wengi wa waliokufa walikuwa wanafunzi wa sekondari. Sisemi walikufa wakicheza na vyuo. Nasema miili yao haikuuhimili mchezo ule hata wakiwa wao kwa wao, sasa muweke mbele yao mwanaume wa miaka 23. Kuuita huo "ushindi" na kuujumlisha na ushindi dhidi ya Ohio State ni kukosa heshima kwa pande zote mbili.

Mwanzisha mada

Nashukuru, Kocha. Mtunza kumbukumbu, hoja ya sare ya 1894 ni nzito, lakini inathibitisha kwamba kapu moja halitoshi. Na jumla hizi zina uzito. Kocha Amos Alonzo Stagg alianza kazi Chuo Kikuu cha Chicago 1892 kwa kucheza na sekondari za jirani kama Hyde Park, naye mwenyewe akiwa uwanjani na timu yake. Miaka mingi baadaye nchi nzima ilisubiri kocha mwingine wa chuo, Bear Bryant, avuke ushindi 314 wa Stagg, akavuka Novemba 1981 kwa kufikisha 315. Mbio ikiamuliwa kwa mechi moja, kila mechi ya sekondari inayoingizwa au kuachwa inasogeza mstari wa kumalizia.

Mtunza kumbukumbu

Basi tusifute, tuandike vizuri. Kwa kila mechi ya kabla ya 1906 wekeni mambo manne: aina ya mpinzani, urefu wa vipindi vilivyochezwa kweli (mechi za kufungua msimu mara nyingi zilifupishwa kwa makubaliano), kanuni ya alama ya mwaka huo, na kama chuo kilipanga kikosi cha kwanza. Kisha toeni jumla mbili, moja ya mechi zote na nyingine ya vyuo kwa vyuo. Michigan ibaki na 1,000 yake ya Maryland kwenye jumla ya kwanza.

Ukifuta kabisa, angalia Michigan State: mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa timu yake, Septemba 1896, ni 10-0 dhidi ya Lansing High School. Notre Dame nayo, ushindi wake wa kwanza utahamia 1889, 9-0 ugenini kwa Northwestern.

Kocha wa mstari wa mbele

Jumla mbili nakubali, mradi ya vyuo kwa vyuo ndiyo itangazwe. Ila aina ya mpinzani mtaiamuaje? Vyuo vingi vya wakati ule vilikuwa na madarasa ya sekondari ndani ya uzio wao, na vijana wa madarasa hayo wangeweza kuingia kwenye kikosi. Chuo kidogo chenye wavulana wa miaka 17 mtakiweka kundi gani, na Michigan Military Academy iliyotoa sare mtaiweka wapi?

Mwamuzi

Kwa orodha ya wachezaji, siyo kwa jina lililo langoni. Pasipo na orodha, mechi ibaki kwenye jumla ya kwanza peke yake.