Msaada: natafuta fundi mwaminifu wa klachi, Reading, Uingereza (na HP wamenikatalia)

Kutoka: Mama Mapacha, Reading

Hamjambo ndugu zangu. Leo nimepata barua ya hawa watu wa HP, kampuni ya mkopo ninayoilipa gari kwa awamu, na nimechoka kabisa. Gari nililichukua mwezi wa pili kwa dila (muuza magari), dizeli ya 2017, manyuo (gia za mkono), MOT mpya, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka. Sasa klachi imekufa. Ilianza kidogo kidogo, nikipanda mlima injini inanguruma mshale unapanda lakini gari haliendi, harufu ya kuungua humo ndani, halafu juzi alfajiri niko kwenye raundi ya wazee wangu ninaowahudumia majumbani, gia zikagoma kuingia pale kwenye mataa, nikavutwa. Dila anasema huo ni uchakavu wa kawaida, HP nao wameandika maneno hayo hayo utadhani wamekaa meza moja. Gereji ya hapa jirani wanataka pauni 1,150 na "huenda na flaiwili nayo", lile gurudumu zito la injini linaloshikana na klachi. Huenda! Nani anamjua fundi mwaminifu Reading au hata Slough, anayeijua klachi kweli na asiyepandisha bei akisikia lafudhi? Bila gari sina shifti, na mambo ya sponsa wa viza mnayajua.

Kutoka: Kaka wa Luton

Pole sana dada. Mimi nasema wa kubanwa hapo ni waliotoa MOT. Gari limepitaje na klachi mbovu? Waripoti kwa DVSA, wakala wa serikali anayesimamia MOT. Yangu ilipita MOT Jumatatu, Ijumaa springi ya mbele imekatika nikiwa barabara ya M1 na familia yote ndani, nikawaandikia. Hawa watu usipowaandikia wanakuona mjinga.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Kijana wa Luton wacha kupotosha mama wa watu. MOT haiguzi klachi. Haiguzi injini wala giaboksi. Iko kwa tovuti ya serikali, gov.uk, soma kwanza. Wanaangalia breki, taa, tairi, stiaringi, moshi, kutu, vitu za usalama.

Mama Mapacha, sikiza. Gari ya HP kisheria si yako bado, ni ya kampuni ya HP mpaka umalize kulipa, kwa hivyo wao ndio waliokuuzia na wao ndio wa kujibu. Ni sheria ya haki za wanunuzi, Consumer Rights Act ya 2015. Shida ikitokea ndani ya miezi sita inachukuliwa ilikuwepo siku ile ulichukua gari, mpaka wao wathibitishe haikuwepo. Mzigo uko kwao. Mimi na giaboksi ya gari ya bibi yangu niliwaandikia hivyo hivyo na wakatengeneza bila shilingi yangu.

Kutoka: Dada wa Southampton

Shikamoo mzee, lakini umesema nusu. Klachi ni kitu cha kuisha kama tairi, umri wa gari na maili vinahesabiwa. Mwenzangu kazini alipeleka shauri FOS (Financial Ombudsman, wasuluhishi wa malalamiko ya fedha), gari lake lina maili laki na kitu, akaambiwa klachi kuisha kwa maili hizo si ajabu, kesi ikaishia hapo. Kwa hiyo swali la kwanza ni maili ngapi? La pili, siku 30 za kulirudisha zimeshapita, sasa sheria inawapa nafasi moja ya kutengeneza kwanza, wakishindwa ndio unalikataa, na hapo wanaweza kukukata hela ya muda uliotumia.

Na tafadhali usilitengeneze kabla hujapata ripoti ya maandishi ya fundi asiye wa kwao, yenye picha. Ukishabadilisha na pleti ya zamani ikatupwa, utabaki unabishana na nini?

Kutoka: Mama Mapacha, Reading

Asanteni. Lilikuwa na maili 58,000 nalichukua, sasa 61,000 na kitu. Barua ina maneno "final response", yaani jibu lao la mwisho. Nimeelewa ya ripoti, lakini hata wa kuandika ripoti ndio huyo huyo fundi ninayemtafuta jamani.

Kutoka: Dada wa Southampton

Kama wameandika final response basi huna haja ya kungoja zile wiki nane wanazopewa za kujibu malalamiko, nenda FOS moja kwa moja, ni bure, una miezi sita toka tarehe ya barua. Maili 58,000 kwenda 61,000, hapo una hoja nzuri sana.

Kutoka: Kaka wa Luton

Na ukiwa huko huko dai na komisheni ya dila. Mahakama ya juu ilishatoa uamuzi Agosti 2025, watu watalipwa.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Hiyo ni kesi ingine kabisa! Hiyo ni ya komisheni zilizofichwa kwa mikopo, haina uhusiano na klachi, na mahakama haikuwapa kila mtu. Usimchanganyie mama mafaili mawili.

Kutoka: Mpemba wa Milton Keynes

Asalaam alaykum. Mimi nimefanya kazi gereji Sharjah miaka mingi kabla ya kuja huku, naomba niseme ya ufundi kidogo maana naona sheria tu.

Kuna kuisha na kuna kufa, si kitu kimoja. Injini kunguruma gari lisiende ni pleti inateleza, imelika au imeingia mafuta. Kama imeingia mafuta ya sili ya nyuma ya injini hapo si uchakavu wa dereva hata kidogo, na hiyo ndio kitu cha kumwambia fundi akitazame na akiandike. Gia kugoma kuingia injini ikiwa inawaka lakini zinaingia ikizimwa, maana yake klachi haiachii, na mara nyingi hapo ni hidroliki, silinda inavuja, pedali inakwenda chini laini kama haina kitu. Angalia kwanza kopo la mafuta ya breki, magari mengi klachi inakunywa humo humo. Kelele nayo ina lugha yake: ukikanyaga pedali ndio inalia, hiyo beringi ya klachi. Gari limesimama, hujakanyaga, linagongagonga, ukikanyaga linanyamaza, shuku flaiwili ya vipande viwili au beringi ya giaboksi. Dizeli nyingi za miaka hiyo zina flaiwili ya namna hiyo na ndio inayopandisha bei.

Basi fundi akisema "huenda na flaiwili" bila kuteremsha giaboksi si lazima awe mwizi, haionekani mpaka giaboksi ishuke. Mwizi ni yule anayekwambia ndio kabla hajaigusa. Mwambie akupe bei mbili, ya klachi peke yake na ya klachi na flaiwili, akupigie kabla ya kuendelea, na spea za zamani akuwekee uzione kwa macho yako. Na ikishuka basi seti nzima ibadilishwe, pleti, presha pleti na beringi, na silinda kama ipo mle ndani, maana kazi kubwa ni ile ya kushusha na ukibakisha beringi ya zamani utalipa upya.

Kutoka: Dada wa Southampton

Kaka hapo umenikumbusha mafundi wa Gerezani, kule Dar. Unakaa kwenye benchi mbele ya macho yako gari linafunguliwa, fundi anakuonesha pleti imebaki chuma tupu, anamtuma kijana spea, bei mnabishana, mnacheka, jioni unaondoka. Huku unaacha funguo kwa mtu wa mapokezi ambaye hajawahi kushika spana, fundi mwenyewe humwoni, unaletewa karatasi.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Grogan ya Nairobi ni hivyo hivyo, ila pale ukizubaa wanatoa spea yako nzuri wanaweka ingine. Tusisahau.

Kutoka: Kaka wa Luton

Mimi ningemshauri dada akimaliza hii kesi ahamie auto. Halafu kuna watu humu wana leseni za auto tu wanaazima manyuo za watu, hiyo bima haikulindi.

Kutoka: Mpemba wa Milton Keynes

Leseni ni taabu kubwa. Mimi mtihani niliufanya kule kule Imarati, nilipofika huku DVLA, watu wa leseni, wakanibadilishia. Mke wangu ana ya Tanzania, miezi 12 imekwisha, sasa ni provishono (leseni ya mwanafunzi), thiori, na tarehe ya mtihani haipatikani. Miaka kumi anaendesha Unguja.

Kutoka: Kaka wa Luton

Hapo ndipo naumia. Zimbabwe wamo kwenye orodha ya kubadilisha, Afrika Kusini wamo, sisi Watanzania na Wakenya hatumo. Ubalozi wakija kutukutanisha ni viwanja na kutuma hela nyumbani. Hebu hata siku moja waje na hili la leseni, maana watu wetu wa kea, wanaohudumia wazee na wagonjwa, wanaishi kwa gari!

Kutoka: Mzee wa Coventry

Kweli kabisa. Lakini nyinyi hata uraia pacha bado mnaomba, sisi Wakenya tulipata na katiba ya 2010.

Kutoka: Dada wa Southampton

Mzee, hilo la uraia tuachie wenyewe tafadhali. Na kea hali imebadilika, toka Machi 2024 anayekuja kwa viza hiyo haleti mume wala watoto, na Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri toka nje. Waliobaki ndio wanabebeshwa raundi zote, na gari ni la kwao, klachi ni ya kwao, mataa na foleni kutwa nzima.

Kutoka: Kaka wa Luton

Ikishindikana kabisa dada walipe HP chao, ulinunue, ulitume Mombasa, kule stiaringi ni upande ule ule na dizeli zina soko.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Ya 2017? Kenya mwisho ni miaka minane tangu mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, KEBS, watu wa viwango, hawapitishi. Tafadhali angalia vitu kabla ya kutuma kwa watu wote.

Kutoka: Kaka wa Luton

Sawa mzee, basi Dar. Kule linaingia, ila TRA, mamlaka ya mapato, wanaongeza ushuru wa uchakavu gari likishapita miaka minane. Mwenye hesabu ya mwaka huu aiweke hapa, nami nina langu nataka kutuma Desemba.